Maji ya Kijani Kwenye Tenki Humwagwa, Hayatiwi Dawa

Mvua za Iringa huanza mwezi Novemba au Desemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo familia nyingi za Kihesa hukinga maji ya paa na kuyahifadhi kwenye matenki ya plastiki, maarufu kama simtanki, au kwenye visima vya saruji vilivyojengwa chini ya ardhi. Ifikapo Septemba, maji yaliyokaa juani miezi minne au mitano huanza kubadilika. Yanayochotwa yana rangi ya kijani, kuta za tenki zina utelezi, na harufu yake ni ya nyasi mbichi au udongo.

Hapo ndipo makosa huanza. Kwa kuwa kumwaga lita 1,000 wakati wa kiangazi ni jambo linalouma, wapo wanaoyachemsha na kuyanywa, wapo wanaomimina dawa ya kufulia nguo, na wapo wanaotia mrututu. Hakuna njia hata moja kati ya hizo inayoyarudishia maji hayo usalama.

Kinachoyageuza maji rangi ni mwani, yaani viumbe vidogo vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na jua lake ni kali. Virutubisho hutoka kwenye bati lenyewe: vumbi, majani makavu na vinyesi vya ndege vinavyosombwa na mvua ya kwanza. Maji ya kahawia ni suala jingine. Hilo ni tope, nalo hutuama chini likiachwa au likitiwa shabu. Mwani huendelea kuzaliana maadamu mwanga upo.

Aina nyingi za mwani hazina madhara makubwa. Hata hivyo, lipo kundi liitwalo saianobakteria, lenye rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, ambalo baadhi ya jamii zake hutoa sumu inayodhuru ini. Kundi hili hustawi mara kwa mara katika Ziwa Viktoria, hasa kwenye Ghuba ya Winam upande wa Kenya. Mtu hawezi kutambua kwa macho kama mwani wa tenki lake ni wenye sumu au la. Kuchemsha huua mwani, lakini sumu hubaki. Klorini nayo huipasua mwani na kuiachia sumu iliyokuwa ndani iingie katika maji. Mwaka 1996, mjini Caruaru nchini Brazili, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yaliyotoka katika bwawa lenye mwani wa aina hiyo. Kunywa si sawa na maji kugusana na damu, na tenki la nyumbani si bwawa la mji. Lakini sumu ni ileile.

Lipo pia tatizo la dawa kuliwa. Klorini inayotiwa kwenye maji ya kijani humalizika ikipambana na mwani, kisha haibaki ya kutosha kuua vimelea vya homa ya matumbo na kipindupindu. Mwenye nyumba husikia harufu ya dawa akadhani yu salama. Ama mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, haumaliziki. Ukizidi kwenye maji ya kunywa huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha.

Fikra ya kutia dawa bila kumwaga huenda imetoka kwenye mabwawa ya kuogelea, ambako ina mantiki. Maji ya bwawa hayanywewi, na yana pampu na chujio. Bwawa likigeuka kijani, waogeaji huzuiwa kwanza, maana anayezama katika maji yasiyoonesha sakafu hatambuliki. Kisha kuta husuguliwa, pH hurekebishwa iwe kati ya 7.2 na 7.8, klorini huongezwa jioni ili jua lisiiharibu, na chujio huendeshwa usiku na mchana huku likisafishwa hadi sakafu ionekane. Tenki la nyumbani halina chujio, na mwani uliokufa hubaki humohumo.

Oktoba, maji yanapokuwa yamepungua, ndio mwezi unaofaa kwa usafi. Yaliyobaki yanaweza kutumika chooni, kufyatulia matofali au kumwagilia miti. Yasipewe mifugo wala kumwagiliwa mboga za majani. Kuta zisuguliwe kwa brashi ya mpini mrefu, mtu akiwa nje. Mtoto asiingizwe ndani kwa sababu tu mwili wake unapita mdomoni. Kisima cha chini ya ardhi ni hatari zaidi, kwani hewa yake huweza kuwa haifai kupumua: kiachwe wazi, asiingie mtu bila wenzake nje wenye kamba, na pampu ya petroli isiwashwe ndani yake.

Baada ya kusuuza, tenki hujazwa maji safi na kutiwa gramu 80 za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000, au takriban lita moja na nusu ya dawa ya kufulia ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Koki zote hufunguliwa mpaka harufu ya klorini isikike, kisha hufungwa kwa saa 24. Maji hayo hayanywewi. Humwagwa mbali na vijito na bustani, na tenki husuuzwa tena. Klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuua.

Mwanga ukizuiwa, mwani hauoti. Tenki jeusi lenye mfuniko kamili hukaa msimu mzima bila kubadilika. Lililopauka au lenye rangi nyepesi huhitaji kibanda au turubai. Gata zifagiliwe kabla ya Novemba, mvua ya kwanza iachwe ipite, na bomba la kufurikia lifungwe wavu. Kaya zenye visima vya chini ya ardhi zinashauriwa kumwona Afisa Afya, kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, kabla ya mtu yeyote kuingia.