Jina likizima kwenye redio ya gari, usikimbilie kwa fundi

Njia ya Iringa–Mbeya naipita sana, na swali la madereva ni lile lile: mbona jina la stesheni limezima kwenye kioo cha redio na muziki bado unadunda? Wengine washaliwa hela na mafundi.

Sikia, msomaji. Stesheni yenye huduma hiyo hurusha pia wimbi la siri, kilohezi 57, ambalo sikio halilipati. Redio hulinasa, husoma biti zake 1,187.5 kwa sekunde, halafu huandika jina la herufi zisizozidi nane. Wimbi lenyewe dhaifu: ukiwa mbali na mtambo au milima ikiziba, hufa kabla ya sauti.

Kwa hiyo likizima Makambako, funga pochi. Likigoma hata mjini Mbeya, karibu na mtambo, hapo muone fundi.