Ndege iliyoanguka Voi si ile ya kwenye filamu

Wiki jana barazani, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha picha ya ndege ndogo ya njano, yenye mabawa ya juu na ya chini. Akasema, "Hii ndiyo iliyoanguka Voi enzi za mkoloni. Wazungu waliificha, sasa wanauziana mnadani. Yafaa irudishwe Taita." Wazee wakaitikia kwa hasira. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na hakika, nikarudi nyumbani nikasoma. Na kwa sababu picha hiyo inazunguka katika makundi mengi ya simu, naona nieleze hapa.

Ndege zote mbili ni za aina moja, Gipsy Moth, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Moth ya kwanza iliruka Uingereza mwaka 1925, kutoka kiwanda cha Geoffrey de Havilland. Mwaka 1928 ikatiwa injini mpya iliyoitwa Gipsy, yenye nguvu farasi kama 100. Ilikuwa ndege ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, vichwa vyao viko wazi kwa upepo. Mabawa yake yalikuwa ya mbao na kitambaa, na yalikunjwa nyuma mtu akaiweka bandani kama gari. Kwa hivyo mtu mwenye pesa zake, asiye na shirika wala jeshi, aliweza kumiliki ndege.

Mmoja wao alikuwa Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji aliyeishi Kenya na aliyekuwa na nyumba huku kwetu Takaungu. Alinunua yake mwaka 1930. Ilikuwa na herufi G-ABAK. Hiyo G ya mwanzo ni ya Uingereza. Ndege zilizosajiliwa Kenya wakati huo zilibeba VP-K, na leo zinabeba 5Y. Aliitumia kutafuta ndovu kutoka juu, ili wageni wake wa kuwinda wasihangaike porini siku nyingi.

Tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi. Ndege ikazunguka, ikaanguka na kuwaka moto. G-ABAK iliishia hapo hapo. Hakuna mtu aliyeificha, na hakuna cha kurudishwa.

Basi hii ya njano ni ipi? Mwaka 1985 ilitoka filamu ya Marekani, Out of Africa, iliyotokana na maandishi ya Karen Blixen, yule mama wa Kidenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Waliotengeneza filamu walihitaji Gipsy Moth, wakatumia ndege nyingine kabisa, yenye herufi G-AAMY. Hiyo ilijengwa Marekani, katika mji wa Lowell, mwaka 1929, na kampuni iliyokuwa na kibali cha kuziunda huko. Ndiyo iliyopelekwa mnadani Paris mwaka 2013. Ina wenyewe, na haikuanguka Voi.

Utaijuaje ndege ya zamani kwamba ni yenyewe? Ni kama gari tu. Rangi haikuambii kitu, na hata herufi za ubavuni hupakwa upya. Kinachotazamwa ni nambari ya kiwandani, kama ile ya chasisi, na madaftari ya safari na matengenezo, ambayo ndiyo logibuku yake, yanayoonyesha imepita mikononi mwa nani. Kitambaa chake kitakuwa kimebadilishwa mara nyingi, na mbao pia. Sisi watu wa pwani hili halitutatizi: jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja hadi labda wa kwanza usibaki hata mmoja, na bado linaitwa kwa jina lake na mwenyewe anajulikana.

Ukitaka mfano wa Moth iliyotunzwa yenyewe, iko ile ya Amy Johnson, G-AAAH, aliyoiita Jason. Aliinunua ikiwa imeshatumika, akairusha peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1930. Leo imetundikwa katika Makumbusho ya Sayansi mjini London, na yeyote anaweza kwenda kuiangalia.

Nilimweleza kijana wetu haya yote. Alisikitika kidogo, maana hadithi yake ilikuwa tamu. Nikamuuliza, "Unajua kwamba siku ile Voi walikufa watu wawili?" Hakujua. Wala barazani hakuna aliyejua.

Nyuma ya Finch Hatton, au tuseme pamoja naye, alikuwamo mtumishi wake Mkikuyu, aliyeitwa Kamau. Waliungua pamoja. Finch Hatton alizikwa Ngong na nduguye akamwekea mnara. Kamau vitabu vingi humtaja kwa jina hilo moja tu, katika sentensi moja, kisha vinaendelea na habari za bwana wake. Tukawa barazani tunapigania ndege ya Lowell, na mtu wetu hatumtaji.

Mzee mmoja akauliza, "Kamau wa nani?" Kijana akaanza kutafuta kwenye simu.