Tusizifungie Tarumbeta Ghalani

Mvua ya masika ilikuwa ikipiga mabati ya ukumbi siku bendi ya shule yetu ya sekondari msingi ilipofanya tamasha la kufunga muhula wa kwanza. Jukwaani walisimama watoto wa gredi ya saba hadi ya tisa, wakiwa na tarumbeta nne, ngoma mbili na filimbi za rekoda.

Nakiri kwamba nilikwenda shingo upande. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mpiga ngoma kubwa ni mwanafunzi wangu ambaye alama zake hazimfurahishi yeyote. Mara mbili muhula huo nilimtoa mazoezini, nikamketisha mbele ya sehemu na desimali.

Katikati ya wimbo wa pili, tarumbeta moja ilipotea njia. Nyingine zikaifuata, na baadhi ya wazazi wakaangua kicheko. Kijana yule hakututazama. Alipunguza kasi ya mapigo, akahesabu kwa midomo moja hadi nne, akarudia, mpaka wenzake wakarejea mmoja baada ya mwingine. Papo hapo nilitambua kuwa anajua kuugawa muda katika sehemu zilizo sawa. Hiyo ndiyo hisabati niliyodhani hana.

Ndugu wasomaji, historia inatuonya. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, muziki ulitahiniwa katika KCPE. Ulipoondolewa katika mtihani huo, shule nyingi ziliacha kuufundisha, hata pale kipindi chake kilipobaki kwenye ratiba. Leo umerejea ndani ya somo la Sanaa Bunifu na Michezo. Je, tutaurudisha kaburini?

Nauliza kwa sababu tayari baadhi ya walimu wenzangu wanapendekeza vyombo vifungiwe ghalani muhula wa tatu, ili gredi ya tisa wajiandae kwa mtihani wa kitaifa. Mkutanoni nitalipinga pendekezo hilo. Saa moja ya mazoezi kwa juma haimwangushi mtoto. Huenda ikawa ndiyo saa pekee anayojiona hodari. Nanyi wanafunzi, msiufanye muziki kisingizio cha kukimbia vitabu.

Ama kuhusu kijana yule, nimemwomba radhi. Sehemu sasa tunazisoma kwa kupiga meza, naye ndiye anayeanza.