Mabomba ya tangi la samaki yakizeeka: lipi ubadilishe, lipi uache

DALILI ya kwanza huwa ndogo: alama nyeupe ya chokaa kwenye kiungo cha bomba, au unyevu chini ya kabati la tangi kila asubuhi. Kwa familia ya Kizwite, mjini Sumbawanga, inayofuga samaki wa mapambo sebuleni, alama hiyo huleta swali zito: mabomba yafumuliwe sasa, au yaachwe mpaka yaharibike?

Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 50 hubeba lita 200 za maji, yaani kilo 200. Maji hayo yakimwagika usiku yatakuta zulia, nyaya za umeme na pengine mtoto aliyelala kwenye godoro.

Samaki nao wako hatarini. Mkoa wa Rukwa unapakana na Ziwa Tanganyika, lenye zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani. Wamezoea maji yenye joto la nyuzi 24 hadi 27. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na usiku wa Juni na Julai ni baridi kali. Bomba likiachia na mzunguko ukasimama, tangi hupoa na hewa ndani ya maji hupungua.

Umri peke yake si sababu

Bomba gumu la PVC lisilopigwa na jua hudumu miaka mingi. Vinavyochoka ni vitu laini: washa za mpira hukauka, mipira ya plastiki inayopitisha maji hukakamaa, klipu za chuma hushika kutu, na koki hukwama.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza bomba lina miaka mingapi, mzazi aulize: kiungo hiki kikiachia, maji kiasi gani yatamwagika? Kiungo kilichopita kwenye kioo, chini ya usawa wa maji, kinaweza kumwaga maji yote yaliyo juu yake hata pampu ikiwa imezimwa. Hicho ndicho cha kwanza kushughulikiwa.

Jaribio la mchana

Kama tangi lina boksi la chujio chini yake, zima pampu mchana, kaeni na watoto mtazame. Maji ya tangi yatashuka kiasi, kisha yatasimama. Yakiendelea kushuka hadi boksi kufurika, tatizo si uzee wa bomba. Mdomo wa bomba la kurudisha maji umezama mno, na maji yanajivuta yenyewe kushuka, kama mafuta yanavyovutwa kwa mpira kutoka kwenye dumu. Uinueni mdomo huo hadi karibu na uso wa maji, kisha jaribuni tena.

Halafu futa chokaa kwenye viungo kwa kitambaa chenye siki, kausha, na utazame baada ya siku chache. Alama ikirudi, kiungo kinavuja. Mpira uliokakamaa usioweza kukunjika ubadilishwe. Koki iliyokwama isilazimishwe huku tangi limejaa maji.

Siku ya kazi

Fundi bomba anaijua PVC vizuri, lakini aambiwe mapema: asiweke koki za shaba wala bomba la chuma lililopakwa zinki. Shaba na zinki zikiyeyuka kwenye maji huwa sumu kwa samaki. Vipande vinavyohitaji gundi viungwe nje ya tangi, vikauke siku nzima, visuuzwe, ndipo vifungwe kwa yunioni ili siku nyingine vifunguliwe bila msumeno.

Umeme wote uzimwe na plagi zichomolewe kabla mtu hajatia mkono majini. Waya unaporudishwa, uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili matone yasifuate waya hadi kwenye umeme.

Sponji ya chujio isitupwe siku hiyohiyo. Ndani yake wanaishi bakteria wanaoondoa amonia ya kinyesi cha samaki. Iwekwe kwenye ndoo ya maji ya tangi, isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Maji mapya yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi angalau siku moja kabla ya kumiminwa.

Fedha ikibana

Ada ya shule ikiwa mlangoni, si lazima kufumua kila kitu. Anza na washa zilizo chini ya usawa wa maji, fuatisha mipira na klipu, kisha koki. Elbo na tii ngumu zisizovuja zinaweza kusubiri.

Njia nyingine ni kuachana na mabomba, kupunguza samaki na kutumia chujio la sponji linalosukumwa na pampu ndogo ya hewa. Pampu hiyo ikae juu ya usawa wa maji, maana maji hujivuta humo pia umeme ukikatika. Samaki wa ziada wapewe mfugaji mwingine, wasimwagwe mtoni wala bwawani.

Njia yoyote itakayochaguliwa, watoto wafundishwe jambo moja: wakiona maji sakafuni wasiyakanyage, wamwite mkubwa akazime umeme kwenye swichi kuu.