Mitungi Isiyo na Undugu

Kila picha ya mmea unaonasa nzi inapozunguka kwenye simu, swali ni lilelile: je, upo mti unaomeza watu? Haupo. Kisa cha mti mla watu wa Madagaska kilizushwa mwaka 1874 katika gazeti la New York World, na mpaka leo wapo wanaokiapia. Iliyopo Madagaska, na Shelisheli pia, ni Nepenthes, yenye mitungi inayoning'inia kwenye ncha za majani. Huzamisha wadudu, basi.

Afadhali kuuliza nani ndugu wa nani. Ukiipanga mimea hii kwa sura ya mtego utapotea. Nepenthes ina mtungi, Sarracenia ya Amerika Kaskazini ina mtungi, Cephalotus ya Australia nayo vilevile. Ila vinasaba vimezitawanya kwenye oda tatu. Cephalotus iko oda moja na mbilimbi! Ndugu wa karibu wa Nepenthes ni Drosera, isiyo na mtungi wowote, majani yake yamejaa ulimbo tu. Na Dionaea ya Carolina, ile inayofumba jani, ni ya ukoo huohuo wa Drosera. Kunasa wadudu kumezuka mara kadhaa, mbalimbali, kwenye udongo uliopungukiwa naitrojeni.

Mimi sichoki kuistaajabia Utricularia, ambayo hata vinamasi vya Afrika Mashariki vinayo. Haina mizizi. Ina vibofu, vingi vidogo kuliko punje ya mtama. Kuta za kibofu husukuma maji nje mpaka zikabonyea, huku mlango umebana. Kijidudu kikigusa vinyweleo vya mlangoni, mlango unaachia, kuta zinafutuka, maji yanakivuta ndani, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1875, alidhani kijidudu chenyewe ndicho kinachosukuma mlango kwa kichwa. Nusu saa hivi baada ya kijidudu kuvutwa ndani, maji yameshatolewa na mtego umetegwa upya.

Sasa matapeli wanauza maji ya Dionaea kama dawa ya saratani. Eti mmea unaoyeyusha nzi utayeyusha na uvimbe! Vimeng'enya vinavyomyeyusha nzi ni protini. Ukivinywa, tumbo lako litavisaga kama maharage. Hakuna utafiti wa kuaminika uliothibitisha tiba hiyo. Mwenye uvimbe awahi hospitali. Na anayetaka kuupanda dirishani ukomeshe mbu atundike chandarua: jani moja la Dionaea likishanasa nzi hukaa limefumba wiki nzima au zaidi.