Kutembea Peke Yako: Tulizo Lisilouzwa Dukani

Katika vijitabu vyetu tumezoea kuzungumza na mlaji juu ya mizani, stakabadhi na tarehe ya mwisho ya matumizi. Safari hii tunazungumzia kitu kisicho na bei, na tunafanya hivyo kwa makusudi. Mtu aliyelemewa na mawazo ni mnunuzi mwepesi. Aliyefiwa, asiyepata usingizi, mwenye deni la msimu wa pamba au la nyavu, huweza kutoa fedha yake ya mwisho kwa kichupa kisicho na jina la mtengenezaji, mradi muuzaji ameahidi kwamba kinatuliza akili. Kabla hujafungua mfuko, inafaa ujue unachoweza kukipata bure.

Wataalamu Rachel na Stephen Kaplan wa Marekani, katika kitabu chao cha mwaka 1989, walieleza kwamba akili ina umakini wa kujilazimisha: ule unaotumika kuhesabu chenji, kukwepa bodaboda na kumsikiliza mteja mkali sokoni. Umakini huo huchoka kama mkono unavyochoka. Mawimbi yanayopiga miamba ya Musoma, au upepo unaopita katika majani, huvuta macho bila kumdai mtu jitihada yoyote, na katika muda huo ule umakini uliochoka hupumzika. Ndiyo maana tunasisitiza kwenda peke yako. Mazungumzo, hata na rafiki mwema, nayo ni kazi. Yana zamu ya kujibu.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha watu 38. Kila mmoja alitembea peke yake kwa dakika 90, baadhi katika eneo la nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea penye miti walirudi wakiwa wamepunguziwa tabia ya kuzungusha jambo moja baya kichwani, na sehemu ya ubongo inayohusiana na tabia hiyo ilikuwa imetulia. Wa barabarani hawakubadilika. Jaribio hilo lilikuwa dogo, nasi hatulifanyi kuwa msahafu. Lakini uchunguzi mwingine wa mwaka 2019, uliowahusu watu wapatao 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba waliokaa katika mazingira ya asili kwa jumla ya dakika 120 au zaidi kwa wiki walieleza kuwa na hali njema kuliko wasiofanya hivyo kabisa. Ziwe za siku moja au zimegawanywa, haikuleta tofauti.

Mkoa wa Mara si mgeni wa safari za miguu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Ile ilikuwa safari ya umma. Hii tunayoisema haina bendera wala mapokezi, na hapo ndipo wengi husita, kwa maana katika vijiji vyetu mtu anayepita peke yake bila jembe wala ndoo huulizwa kuna nini, na pengine hudhaniwa vibaya. Kujibu kwamba unanyoosha miguu kwatosha. Kwa akina mama na mabinti suala ni zito zaidi: kuwa peke yako kusiwe kufichika. Chagueni njia inayoonekana kutoka mashambani au majumbani, na saa ambayo watu wamekwisha kuamka. Kila mtu amwachie wa nyumbani neno la njia anayoishika. Simu uwe nayo, ila iwe kimya mfukoni. Namba ya dharura ni 112.

Mahali pana masharti yake. Musoma, tembea ukingoni lakini usiingize miguu ziwani, kwa kuwa kichocho huambukizwa majini. Na alfajiri au jioni jihadhari na viboko na mamba. Butiama, miamba na vichaka ni vingi, ila msitu wa Muhunda una heshima yake kwa Wazanaki. Waulize wazee kwanza. Bunda, vilima vya Balili vyafaa asubuhi, bali upande wa Serengeti si wa matembezi. Kuingia hifadhini bila kibali ni kosa, na tembo hutoka humo hadi mashambani.

Akikujia mtu na dawa ya mawazo, muulize imesajiliwa wapi: dawa za kisasa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tiba asili ina Baraza lake. Asiyejibu, mwache.

Matembezi nayo yana mpaka. Wengi hudhani anayetafuta msaada wa akili lazima apelekwe Mirembe, Dodoma. Sivyo, safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu. Huzuni ikidumu wiki mbili mfululizo, ukakosa hamu ya chakula na ya kazi, nenda ukamweleze daktari ilianza lini na umekwisha kutumia dawa gani, hata kile kichupa kisicho na jina. Ukijiwa na wazo la kujidhuru, usisubiri hizo wiki mbili, wala siku hiyo usitembee peke yako.