Askofu Mkuu Aliyejua Kuungama

Unyenyekevu, kwa wengi wetu, ni tabia ya mtu asiyeinua sauti, akubaliye kila aambiwalo na mkubwa wake, na ambaye baraza likiisha huondoka bila ya mtu kutambua kwamba alikuwapo. Na kwa kuwa ushujaa tunaudhania kuwa mambo ya watu wa namna nyingine kabisa, ni nadra kutazamia kuzikuta sifa hizi mbili katika kifua kimoja. Maisha ya Janani Luwum, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, yanaikanusha dhana hiyo.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, karibu na Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Alikuwa mwalimu wa shule alipofikiwa, mwaka 1948, na ule uamsho wa Kikristo ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, hata ukaingia Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wa uamsho huo, ambao Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka, walishika desturi ya kuungama hadharani: aliyeiba alirudisha, aliyemchukia ndugu yake alimwendea kumwomba radhi, mume alikiri mbele ya mkewe, na wapo hata wamisionari wa Kizungu waliokiri kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo katika zama za ukoloni halikuwa dogo. Desturi hiyo ilikuwa na ila zake, kwa kuwa wako watu ambao hata toba huigeuza kuwa fahari. Lakini mtu aliyekwisha kusimama mbele ya majirani akazitaja aibu zake kwa kinywa chake mwenyewe, mtawala atamtisha kwa aibu gani? Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo siri ya Luwum.

Alipata ukasisi mwaka 1956, akawa Askofu wa Uganda Kaskazini mwaka 1969, na Askofu Mkuu mwaka 1974, wakati ambapo Idi Amin, aliyeitwaa serikali Januari 1971, alikuwa amekwisha kuwazoeza raia kusikia habari za watu waliochukuliwa usiku wasionekane tena. Luwum alihudhuria dhifa za serikali, na baadhi ya Wakristo walimlaumu kwa hilo, wakamwona amejiweka karibu mno na dhalimu. Lawama aliivumilia. Yeye huyo huyo alikuwa akienda mwenyewe kwenye ofisi za polisi wa siri kuuliza habari za waliopotea, kazi isiyokuwa na taadhima yoyote, kwa kuwa mwenye cheo kikubwa huko alipaswa kubisha hodi kama mwombaji.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake, wakamtia mtutu wa bunduki tumboni, wakaipekua nyumba nzima pamoja na kikanisa chake wakitafuta silaha, nao hawakuona kitu. Mtu mwingine angalishukuru kwa kusalimika, akanyamaza. Luwum na maaskofu wenzake waliandika waraka kwa Amin, wakalalamika kwamba bunduki iliyokusudiwa kuwalinda raia na adui imegeuzwa kuwa chombo cha kuwaua na kuwapora raia hao hao. Ingefaa ikumbukwe kwamba waraka huo haukuwa na matusi wala vitisho. Ulikuwa ni malalamiko ya wachungaji kwa ajili ya kundi lao, nao walitia sahihi zao wakijua unasomwa na nani.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini, mawaziri na mabalozi waliitwa Kampala. Silaha zilitandazwa mbele yao, ikasomwa hati iliyodai kwamba Askofu Mkuu anashirikiana na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kutaka kuipindua serikali, na askari walipoulizwa washtakiwa wafanyweje, wakapiga kelele kwamba wauawe. Luwum alitikisa kichwa tu kukana. Maaskofu wakaruhusiwa kwenda zao, yeye akazuiwa. Kesho yake ilitangazwa redioni kwamba amefariki katika ajali ya motokaa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Lakini waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi.

Serikali haikutaka azikwe Kampala. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kwenye kilima cha Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington, lakini jeneza likapelekwa Mucwini. Jumapili iliyofuata maelfu ya watu, waliojua fika kwamba wapelelezi wamo miongoni mwao, walifika Namirembe kusali, kisha wakalizunguka kaburi lile tupu wakaimba. Wengi wao hawakuwa mashujaa wa kuzaliwa, na wala sidhani kwamba siku moja kabla walijijua kuwa wanao uthubutu huo.

Amin aliondolewa Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala. Sanamu ya Luwum imesimama tangu mwaka 1998 juu ya lango la magharibi la Westminster Abbey, London, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.